Kete Zilizoingia Katika Simu: Sifa ni ya Nani?

Jua linapokaribia kuzama nyuma ya milima ya Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, barabara za mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura huanza kujaa watu. Mafundi wa magari hufunga kazi, akina mama huwasha majiko, na wazee hutandika mikeka barazani. Ndipo ubao wa mashimo unapotolewa ndani, kete zikamwagwa, na watazamaji wakasogea kila mmoja na rai yake.

Jioni kama hiyo si ajabu kumkuta mtoto wa shule ameketi ubavuni mwa babu yake, macho ameyakaza juu ya kioo cha simu ya mama. Vidole vyake vinafanya kazi ile ile inayofanywa na vidole vya mzee: kuchota, kugawa na kula. "Babu," husema mtoto, "Wazungu nao wametengeneza mchezo kama wako." Mzee huinua macho, akauliza taratibu: "Kama wangu, mjukuu wangu, au ndio wangu?"

Swali hilo ni fupi kwa maneno lakini ni zito kwa maana. Michezo ya kompyuta na simu leo ni biashara kubwa ya dunia. Mchezo mmoja hutolewa na kutolewa tena kwa miaka ishirini au thelathini, kila toleo likipewa jina jipya na sura mpya. Mchezo ukidumu hivyo, watu hugombea sifa: aliyeubuni, aliyeuandika, aliyeuuza, na aliyeweka jina lake juu ya jalada. Katika mashindano hayo, mzee wa Buyenzi na ubao wake hawatajwi kabisa. Je, ni haki?

UBAO WA MASHIMO THELATHINI NA MAWILI

Warundi huuita mchezo huo ikibuguzo. Jirani zao wa Rwanda huuita igisoro, Waganda huuita omweso, na Waswahili wa pwani na visiwani huuita bao. Ni ndugu wa tumbo moja, ingawa kila mmoja ana desturi na kanuni zake. Ubao una safu nne, kila safu ina mashimo manane, jumla yake mashimo 32. Kete ni 64. Kila mchezaji humiliki safu mbili zilizo upande wake, naye huchota kete na kuzigawa moja moja shimo hadi shimo.

Jambo lililo kubwa katika michezo hii ni kwamba kete iliyoliwa haitupwi nje. Huhamia upande wa aliyeila na kuendelea kufanya kazi huko. Kwa hiyo aliyekuwa tajiri dakika hii huweza kuwa maskini dakika ijayo, na aliyedhaniwa amekwisha huweza kurudi na kushinda. Katika bao la Kiswahili mambo ni magumu zaidi. Mchezaji huanza na kete kumi tu ubaoni, sita kati yake zikiwa katika shimo liitwalo nyumba, na kete 22 hubaki mkononi. Huziingiza moja moja katika sehemu ya kwanza iitwayo namua, kisha ndipo wachezaji huingia sehemu ya pili iitwayo mtaji. Bingwa hana budi kuona mbele kama nahodha aonavyo mawimbi kabla hayajafika.

Wasomi wameutambua ugumu huo. Mwaka 1995, Mholanzi Alex de Voogt alitoa katika Chuo Kikuu cha Leiden utafiti wake juu ya akili na mbinu za mabingwa wa bao wa Zanzibar. Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuwa Rais wa kwanza wa Tanzania, naye alikuwa mpenzi wa bao. Huu, basi, si mchezo wa kupotezea wakati. Ni shule ya hesabu na subira isiyokuwa na daftari.

Jina la mtu wa kwanza aliyechimba mashimo hayo halikuhifadhiwa. Yeye na waliomfuata waliufanyia mchezo huu marekebisho kizazi baada ya kizazi, hii kanuni ikaongezwa, ile ikaachwa, mpaka ukafikia ukamilifu ulio nao. Hapo ndipo matata ya sifa yanapoanza, kwa maana dunia ya biashara imezoea kutoa sifa kwa mtu mmoja mwenye jina na anwani.

SAFARI YA KETE HADI NG'AMBO

Mwishoni mwa karne ya 19, Mmarekani Stewart Culin, mtaalamu wa michezo ya mataifa, aliandika makala ndefu juu ya michezo ya aina hii na kuuita mchezo wa taifa la Afrika nzima. Baadaye Mmarekani mwingine, William Julius Champion, akavutiwa na habari za michezo hiyo. Mwaka 1940 alitengeneza namna yake aliyoiita Kalah. Ubao wake ulikuwa na safu mbili tu. Kila mchezaji alikuwa na mashimo sita, na pembeni akawekewa ghala la kutilia kete alizozipata. Kete ikishaingia ghalani hairudi tena mchezoni. Katika miaka ya 1950 Champion alipewa hataza, yaani hati ya serikali inayolinda haki ya mvumbuzi, na mwaka 1958 akaanzisha kampuni ya kuuza mchezo huo.

Kutoka hapo kete ziliingia katika kompyuta. Mwaka 1964, katika Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, iliandikwa taarifa ya programu iliyoifundisha kompyuta kucheza Kalah. Mwaka 2000 watafiti watatu, Geoffrey Irving, Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk, walitangaza kwamba kwa msaada wa kompyuta wameufumbua mchezo huo: anayeanza, asipokosea hata mara moja, hushinda.

Mwaka huo huo wa 2000, kampuni ya Nokia ya Finland ilitoa simu ya mkononi aina ya 3310. Simu hizo ziliuzwa zaidi ya milioni mia moja duniani, na watu wengi wa Afrika ya Mashariki wazikumbuka kwa ugumu wake na kwa betri yake isiyochoka. Ndani yake mlikuwa na michezo minne. Mmoja ulikuwa ule wa nyoka ajulikanaye na kila mtu. Mwingine uliitwa Bantumi, nao ulikuwa na mashimo sita kila upande na ghala mbili pembeni. Huo ulikuwa Kalah ya Champion, na Kalah ni mtoto wa ukoo wa ubao wa mashimo. Hivyo ndivyo kete zilivyotoka Afrika, zikavuka bahari, zikabadilishwa jina mara mbili, na kurudi zikiwa bidhaa yenye bei.

MAFUNDI WASIOTAJWA

Kabla ya kumlaumu mtu, hapana budi kuitazama hali ya mafundi wenyewe walioandika michezo hiyo, kwa kuwa wao pia wameonja uchungu wa kusahauliwa.

Mchezo wa nyoka uliingia katika simu ya Nokia 6110 mwaka 1997, ukiwa kazi ya mhandisi Taneli Armanto wa Finland. Mamilioni ya watu walimlisha nyoka yule usiku na mchana bila kulijua jina la Armanto. Na Armanto naye hakuanza patupu. Mwaka 1976 kampuni ya Gremlin ya Marekani ilikuwa imetoa mchezo wa mashine uitwao Blockade, ambamo wachezaji huongoza mistari inayorefuka na kujihadhari isigongane. Basi kila mwenye sifa ana wa kumshukuru nyuma yake.

Katika miaka ya 1970 kampuni ya Atari haikuruhusu majina ya mafundi wake yaandikwe juu ya michezo waliyoitengeneza. Fundi mmoja, Warren Robinett, alipotengeneza mchezo uitwao Adventure, alificha ndani yake chumba cha siri chenye jina lake. Wakuu wa kampuni waligundua jambo hilo baada ya yeye kwisha ondoka kazini. Mwaka 1979 mafundi wengine wanne walijitoa Atari, moja ya sababu ikiwa ni kunyimwa sifa na malipo yanayolingana na kazi yao. Kampuni waliyoshiriki kuianzisha, Activision, iliwatangaza watengenezaji wa michezo kwa majina, kama waandishi wa vitabu.

Kisa cha mchezo wa Tetris nacho chafaa kukumbukwa. Uliandikwa huko Moscow katikati ya miaka ya 1980 na Alexey Pajitnov, aliyekuwa mtumishi katika taasisi ya kompyuta. Wenzake Dmitry Pavlovsky na Vadim Gerasimov walimsaidia. Gerasimov, aliyeuandika upya ili ufanye kazi katika kompyuta za IBM, alikuwa bado kijana wa shule. Haki za mauzo zilishikwa na dola ya Kisovyeti, na makampuni ya ng'ambo yakapata fedha nyingi. Pajitnov alianza kupata fungu lake mwaka 1996. Leo jina lake latajwa kila pahali, lakini majina ya wenzake wawili ni wachache wayajuao.

Kwa mifano hii yadhihirika kwamba sifa haiendi yenyewe kwa mwenye jasho. Huenda kwa mwenye jina lililoandikwa. Na penye majina yaliyoandikwa pia, wapo waliobaki nje ya mlango.

NGOMA ILITANGULIA KUONJA HAYO

Warundi si wageni wa jambo hili. Mwaka 1967 mafundi wa sauti kutoka Ufaransa walifika Burundi na kunasa ngoma maarufu za nchi hiyo. Sahani ya santuri ikatolewa mwaka uliofuata na kampuni ya Ocora. Mwaka 1971 mwanamuziki Mfaransa Michel Bernholc alichukua sauti za ngoma zile, akaongeza piano na vyombo vingine juu yake, na kuuza wimbo uitwao Burundi Black. Wimbo huo ulipendwa Ulaya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bendi za Uingereza kama Adam and the Ants zilijenga umaarufu wao juu ya mapigo ya namna hiyo. Ulimwengu ulicheza kwa mapigo ya Burundi, lakini wapigaji walionaswa mwaka 1967 walibaki kuitwa tu "ngoma za Burundi", kana kwamba ngoma hujipiga yenyewe.

Haki kidogo ilipatikana baadaye. Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliandikisha ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Tangu hapo hapana awezaye kusema hajui ngoma ile imetoka wapi. Fedha zilizokwisha liwa hazikurudi, lakini jina lilirudi mahali pake. Laiti kila urithi ungepata mtu wa kuuandikisha mapema.

MAFUNGU MANNE YA SIFA

Turudi kwenye swali la mzee. Mtu mwenye haki akiugawa mchezo ule wa simuni kama nyama ya karamu, atakata mafungu manne.

Fungu la kwanza ni la wale waliobuni na kutunza asili: wachezaji wa vijijini na mitaani, wa kale na wa sasa. La pili ni la aliyegeuza. Champion asinyimwe haki yake. Alifanya kazi ya kurahisisha, na kwa ubao wake mwepesi watu wengi wa ng'ambo waliupata mlango wa kuingilia. Wala hakudai kwamba kuchimba mashimo na kugawa kete kulianza naye. Alitangaza kwamba mchezo una asili ya kale. Fungu la tatu ni la fundi aliyeandika programu, akakesha akitafuta makosa. La nne ni la mfanyabiashara aliyethubutu kutia mtaji na kuufikisha mchezo mikononi mwa watu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Kosa basi haliko katika kumpa sifa Champion au fundi wa simu. Kosa ni kula mafungu matatu na kusahau la kwanza.

Wapo watakaosema: mchezo usio na mtu mmoja aliyeubuni ni mali ya wote, na mali ya wote haina wa kudai. Kwa upande wa fedha huenda maneno hayo yana ukweli, kwani hakuna mzee wa Buyenzi anayeweza kwenda mahakamani kudai kila kete ya Bantumi. Lakini kutaja asili si kulipa deni la fedha. Mstari mmoja wa kusema kwamba mchezo huu ni wa ukoo wa ikibuguzo, bao, omweso na igisoro haumpunguzii mtu yeyote faida yake. Jina ndilo malipo yaliyo rahisi kuliko yote, na ndiyo maana kulinyima ni uchoyo ulio mbaya kuliko wote.

HASARA ILIYO MLANGONI

Pengine msomaji atajiuliza: kuna hasara gani mtoto asipojua asili ya mchezo? Hasara ni mbili, na zote mbili ziko nyumbani.

Ya kwanza ni ya moyo. Mtoto akikua akiamini kwamba kila jambo la akili limetoka ng'ambo ndani ya kasha, atajifunza kununua tu, hatajifunza kubuni. Lakini mtoto anayejua kwamba mashine za Stanford zilifundishwa mchezo wa ukoo ule ule wa ubao wa babu yake, huyo ataitazama kompyuta kama chombo anachoweza kukitumia kwa jambo lake mwenyewe. Bujumbura ina vijana wanaojifunza kuandika programu. Mmoja wao akiandika ikibuguzo kamili, kwa jina lake la Kirundi na kwa kanuni zake zote, atakuwa amefanya kazi ambayo Champion hakuifanya.

Hasara ya pili ni ya elimu yenyewe. Mchezo wa simuni una mashimo kumi na mawili na ghala mbili, na kompyuta imekwisha ufumbua. Ubao wa wazee una mashimo 32, na kete zake hazistaafu. Mtoto akidhani kwamba ule mdogo ndio mchezo wenyewe, ule mkubwa utabaki katika vichwa vya wazee tu. Na wazee hawangojei. Kila bingwa anayezikwa bila kuwa na mwanafunzi huenda na mbinu zake, na hakuna kampuni itakayoweza kuziuza tena wala kuzirudisha.

KAZI YA NYUMBANI

Dawa ya jambo hili haihitaji fedha nyingi. Baba asiye na ubao aweza kumwomba seremala amchongee, au achimbe mashimo 32 katika ardhi ya uani. Kokoto 64, au punje za mahindi, au komwe, zatosha kuwa kete. Mama naye asiachwe kando, wala mtoto wa kike, kwa maana akili ya kuhesabu haina jinsia.

Simu isitupwe. Iwe daraja. Mtoto aliyezoea kugawa kete juu ya kioo amekwisha jua nusu ya kazi. Babu amwonyeshe nusu iliyobaki: kete iliyoliwa inavyorudi kazini, wakati wa kugeuza mwendo, na namna ya kumtega mpinzani mwenye haraka. Kisha mtoto mwenye daftari amfanyie babu kazi ya ukarani. Aandike kanuni zinazotumika katika baraza ile, majina ya mashimo na ya mbinu kwa Kirundi na kwa Kiswahili, na jina la aliyemfundisha babu, na la aliyemfundisha huyo, kadiri kumbukumbu inavyofika. Daftari hilo la kurasa ishirini litakuwa jalada ambalo mchezo haukuwahi kuwa nalo.

Walimu nao wana nafasi yao. Somo la kugawanya na kujumlisha laweza kufundishwa kwa kete vizuri kuliko kwa chaki. Na siku mwalimu anapofundisha habari za kompyuta, aanze na ubao huo, kisha ndipo aende Stanford na Finland. Njia itakuwa imefuata mwendo wake wa haki.

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Wakati mwingine mcheza kwao hatunzwi mpaka wa kwao wenyewe wamjue. Champion, Armanto na Pajitnov wana watu wa kuwataja, na wanastahili. Mzee wa Buyenzi ana mjukuu wake.

Jioni ikiisha, mwadhini akiita na kete zikirudishwa mfukoni, mtoto yule hurudia swali lake: "Babu, wewe ulifundishwa na nani?" Mzee hulitaja jina. Mtoto na aliandike kabla hajalala.